Mnamshuhudiaje Jenerali?

Jumanne, 2 Oktoba 2018

Mgongo leo hautaki kabisa. Bibi kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi bafuni, bafuni hadi kwenye kiti tena. Ni mwepesi, mifupa na maneno tu, lakini mtu mwepesi ukimbeba kila siku naye anakuwa mzito.

Bibi ni Hannelore. Miaka tisini na moja, Mjerumani wa kuzaliwa, Mteksasi wa kuolewa. Nilianza kumwita Bibi wiki ya kwanza nilipoanza kazi hapa Carrollton, Texas, na amelipenda hilo jina kuliko lake. Moyo wake umechoka, miguu inajaa maji, ila akili iko palepale. Jumapili anawatukana Cowboys, timu ya mpira ya Dallas, kama dereva wa lori.

Leo kwenye chai nimemwekea asali badala ya sukari, nikidhani namfanyia jambo. Akasukuma kikombe pembeni. Hali asali. Kwa nini? Hali tu. Haya.

Kisha akatazama ukutani akasema baba yake alikufa siku kama ya leo. Zipo picha tatu za huyo baba sebuleni, nazifuta vumbi kila Ijumaa. Ya kwanza ni kijana mwembamba, kofia imekunjwa upande mmoja. Ya pili ni mtu mzima kwenye koti refu, jenerali, theluji nyuma yake. Ya tatu ni mzee mwenye suti na medali moja. Mtu mmoja, nguo tatu. Jenerali Rautenberg.

Nikafanya anachofanya mtu yeyote aliyelelewa. Nikaweka mkono kifuani nikasema, "Mungu amlaze mahali pema." Msiba ni msiba, hata uwe wa zamani namna gani.

Kumbe Travis yuko mlangoni na boksi lake la donati. Travis ni mjukuu wa Bibi, ndiye aliyeniajiri. Akauliza nimesema nini, na kwa lugha gani. Nikamweleza. Kiswahili, Tanzania. Boksi nusura limdondoke. Akasema huyo mzee wa ukutani alipigana hukohuko kwetu, vita ya kwanza, akiwa luteni! Akaniomba niseme tena mbele ya simu yake, kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza.

Nikasema tena. Ningekataaje? Mtu kafiwa.

Taa ya injini ya gari langu inawaka tangu Agosti. Sitaki hata kuiangalia.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimefuta vumbi picha zote tatu. Leo nimezitazama kidogo.

Travis ana jambo lake. Tarehe 25 Novemba inatimia miaka mia tangu Wajerumani wa Afrika Mashariki wasalimishe silaha kule Abercorn, Zambia ya leo. Jenerali alikuwepo, kijana mdogo. Travis amekodi ukumbi wa klabu ya Wateksasi wenye asili ya Kijerumani, Fort Worth. Picha kubwa, hotuba, soseji, bendi. Ananitaka na mimi nije niseme "ile baraka."

Si mtu mbaya. Mke alimwacha mwaka jana, watoto anawaona wikendi moja kwa mbili. Naona anatafuta kitu kimoja kwenye ukoo wake ambacho hakijavunjika, akakiokota ukutani.

Nikamwambia tutaona. Mtu wa kwetu angejua hiyo ni hapana. Yeye akanishukuru.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimeamka na jumbe mia na kitu kwenye simu. Nikadhani kuna aliyekufa.

Hapana. Ni mimi. Travis kairusha ile video kwenye ukurasa wa klabu, na mtu kaileta kwenye grupu letu la Watanzania. Mimi na yunifomu yangu ya bluu, mkono kifuani, namwombea Jenerali. Chini kaandika kwamba watu walioandamana naye vitani bado wanamwombea hadi leo.

Watu walioandamana naye! Nani kamwambia? Mimi ni mtu wa Kisarawe, babu yangu alikuwa anauza nazi.

Grupu halina huruma. "Pole kwa msiba, mjane wa Jenerali." "Arobaini lini, tuchange?" Mwingine anauliza kama shemeji Jenerali aliacha nyumba. Nimecheka mwanzoni. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu Kaka Gaudence hajaandika kitu. Gaudence huwa haachi utani upite bila kutia mkono.

Alasiri kapiga simu. Anaishi Haltom City, mhasibu, mtu wa Songea, mpole mpaka anaudhi. Kasema, "Dada Kidawa, nimeiona ile clip. Sijakasirika. Nimechoka tu." Nikamwambia ni adabu tu, mtu akitaja marehemu unasema hivyo. Akasema anajua. Yeye pia angesema hivyohivyo, ndiyo maana kachoka.

Hakueleza zaidi. Nimepika wali nikala peke yangu, nimesimama.

Jumamosi, 20 Oktoba

Alief, Houston, kwa mazishi. Mzee Kibwana, mume wa rafiki yangu Bi Tatu. Gari langu haliendi Houston kwa hali ile, nikapata lifti kwa Gaudence, ana dada yake hukohuko. Mpaka tunapita Corsicana hatujasema la maana. Kisha akaanza mwenyewe, macho barabarani.

Baba wa babu yake alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo, mwaka wa mwisho wa vita. Yeye na kaka zake wawili, kamba shingoni. Mtama wote ukachukuliwa, hata ule wa mbegu. Waliobaki walikula mizizi, wakafa wengi, watoto kwanza. Wale kaka hakurudi hata mmoja. "Hatuna kaburi. Tukimuuliza bibi yetu kaburi liko wapi, anatuonyesha barabara."

Nikamuuliza kama ni huyu Rautenberg. Akasema atajuaje? Kwao hakuna aliyejua majina. Wote waliitwa Mjerumani.

Nikataka kusema pole, neno likagoma. Rambirambi zangu nilishazitumia vibaya juzi, kwa Jenerali.

Msikitini watu wamejaa. Sisi wanawake nyuma. Bi Tatu kakaa kando yangu, kifundo chake cha mkono kimepinda kama siku zote. Kilivunjika miaka ile Mzee Kibwana alipokuwa na nguvu zake. Wote tunajua, na wote tulikula pilau yake kila Idi. Baada ya swala imamu akageuka kutuuliza kama ilivyo ada, "Ndugu zangu, mnamshuhudiaje marehemu?"

"Mwema," wakasema wanaume.

Akauliza tena. Mwema. Mara ya tatu. Mwema. Na mdomo wangu nao, wenyewe, bila kuniomba ruhusa: mwema.

Bi Tatu hakusema. Mara zote tatu. Nilikuwa begani kwake, nikasikia kwamba hakusema. Hakulia, hakuinua kichwa. Akakaa na mkono wake.

Jumatatu, 22 Oktoba

Miguu ya Bibi imevimba tena. Kathure amekuja kumpima. Kathure ni nesi, Mkenya wa Meru, anapita mara moja kwa wiki na ananiletea majani ya chai ya kwao. Akanivuta jikoni: "Huyu shosh wako amechoka, Kidawa. Hiyo heart haiko poa. Ata hiyo function ya Fort Worth, usim-force aende." Shosh kwao ni bibi. Nikamwambia anayelazimisha si mimi. "Basi uambie huyo Travis, coz mimi nikimwambia ananiletea donati."

Bibi aliona sina furaha, akauliza mazishi yalikuwaje. Nikamsimulia. Sijui kwa nini. Nikamwambia kwetu kabla ya kuzika watu wanaulizwa wanamshuhudiaje maiti, na wanajibu mwema.

Na kama hakuwa mwema?

Unasema mwema. Yeye kashaenda, mengine anajua Mungu.

Na asiyeweza kusema?

Nikamweleza kuhusu Bi Tatu. Nikamgusa nione kama kalala. Macho yalikuwa wazi. Akauliza, anayeuliza ni nani, lazima awe kasisi? Nikasema imamu, au mtu mzima yeyote, mradi aulize kwa sauti.

Ijumaa, 2 Novemba

Vumbi, picha, chai.

Travis kaja anang'aa. Bibi kamwambia kuhusu ada yetu na kamwambia anaitaka kwenye ile sherehe. Travis anasema ni kamilifu, amelia kidogo alipoambiwa. Tayari kaiweka kwenye ratiba. Mimi nitasimama mbele, nitauliza kwa Kiswahili mara tatu, na watu wote watajibu "Mwema." Kaliandika neno na chini yake namna ya kulitamka. Na kwa kuwa hawajazoea, mimi nitangulie kujibu, wao wafuate.

Nikasema kwetu anayeuliza hajibu.

Akasema, mara hii moja.

Alipoondoka nikamkasirikia Bibi kweli. Nikamwambia nilimwambia siri ya moyo wangu, siyo aifanye mchezo wa jukwaani. Mtu anaulizwa hivyo maiti ikiwa mbele, siyo soseji. Na mimi kesho nitamtazamaje Gaudence? Bibi kanisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema, wewe uliza tu. Nataka iulizwe.

Nikamwogesha kwa hasira, kisha nikaona haya, nikampaka mafuta miguu yote miwili taratibu.

Jumanne, 6 Novemba

Watu wanapiga kura leo, foleni kanisani hapo jirani mpaka barabarani. Mimi sina kura hapa. Ningekuwa nayo ningelala.

Bibi kanieleza. Sikumuuliza. Nilikuwa namkata kucha.

Kuhusu kwetu: baba yake alikuwa akisimulia mezani, wakati wa chakula, wageni wakicheka. Jinsi walivyokuwa wakichukua nafaka yote kijijini, hata mbegu, ili Mwingereza akija asikute kitu. Jinsi wapagazi walivyofungwa ili wasitoroke, na mmoja akianguka mnakata kamba mnaendelea. Alisimulia kama watu wanavyosimulia mawindo. Bibi alikuwa mtoto, akicheka na wageni.

Kusini? nikauliza. Kusini, akasema. Ruvuma. Alilitaja hilo jina la mto vizuri kabisa, kama mtu wa huko.

Mkasi ukanisimama mkononi.

Kisha vita ya pili. Jenerali sasa. Mwaka arobaini na mbili akaja likizo kutoka mstari wa mbele huko Urusi na ndoo ya asali. Asali nyeupe, nzito, tamu kuliko zote. Bibi alikuwa na miaka kumi na tano. Akala mkate mzima. Akauliza, baba, hawa nyuki ni wa nani? Baba akasema, hawana mwenyewe. Akauliza, mwenyewe kaenda wapi? Baba akapaka mkate wake asali akasema kile kijiji hakipo tena, kilikuwa kikiwalisha waasi, amri ametia saini mwenyewe.

Akaendelea kula, anasema Bibi. Na mimi nikaendelea kula. Iliisha ndoo nzima, ndipo nikashindwa kula asali tena.

Mwaka uliofuata akahamishiwa Tunisia, Wamarekani wakamkamata wakamleta huku, kambi ya majenerali, Mississippi. Aliandika nyumbani kwamba anakula vizuri. Kwenye stesheni moja ya treni alikaa mezani na Wazungu, huku askari weusi wa Marekani waliomlinda, wenye bunduki, wakipewa chakula mlango wa nyuma. Hilo lilimchekesha hata uzeeni. Baada ya vita akarudi kwao, hakuna aliyemuuliza chochote. Jeshi jipya likaundwa, likamwita kama mshauri. Likampa pensheni. Likampa bendi siku ya kuzikwa.

Bibi alitoka Texas kwa ndege akaenda kuzika. Mama yake akamsukuma mbele, aseme neno. Akasema alikuwa baba mwema.

Alikuwa? nikauliza.

Kwangu, ndiyo, akasema. Hilo ndilo baya lake.

Nikamaliza kucha. Mguu wa kushoto kidole cha mwisho nimemkata vibaya, damu kidogo. Hakulalamika.

Jumatano, 7 Novemba

Sikulala vizuri. Nampenda huyu bibi. Ndiyo shida. Ningekuwa simpendi ningeacha kazi leo leo nikaenda kufanya usafi hotelini.

Jumapili, 11 Novemba

Nimeenda Haltom City kumwona Gaudence. Nimebeba sambusa, kama mtu anayepeleka posa. Nikamweleza yote aliyonieleza Bibi. Ruvuma. Mbegu. Kamba. Hakushangaa. Alikula sambusa mbili polepole akafuta vidole.

"Kwa hiyo ni yeye," akasema.

"Ni yeye au wenzake."

"Ni yeye. Anatosha."

Nikamwambia kuhusu ratiba, kwamba nitauliza na kutangulia kujibu, mbele ya Wateksasi wote. Nikamwambia niambie nisiende na siendi. Nilitaka aniambie, kwa kweli. Ningepumzika. Gaudence akasema hawezi kunichagulia, ila kwao tangu wakati huo hakuna mtu aliyewahi kuwauliza wanamshuhudiaje Mjerumani. "Wazungu wanashuhudiana wenyewe. Vitabu vimejaa." Akaomba jina la ukumbi. Atakuja. Atakaa nyuma.

Mke wake aliuliza sambusa nimepika na nini. Nyama ya kusaga tu, na bizari.

Jumamosi, 17 Novemba

Mvua. Kathure anasema moyo umepungua nguvu tena, ameongeza dawa ya kutoa maji. Bibi anakojoa, mimi nabeba. Ndiyo Jumamosi.

Alhamisi, 22 Novemba

Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru. Travis kaleta bata mzinga wa dukani na watoto wake wawili, ni zamu yake. Watoto wamekula mkate tu. Kanifungia chakula changu kwenye karatasi ya fedha kabla hata sijaomba. Ana moyo, huyu kijana, nisimseme vibaya.

Jikoni nikajikaza nikamwambia sitaki kutangulia kujibu. Kuuliza nitauliza, kwa ajili ya Bibi. Lakini jibu si langu. Nikamwambia wapo watu wa kwetu walioumizwa. Nilisema taratibu, kwa Kiingereza changu kizuri kuliko vyote.

Akasikitika kweli. Akasema ilikuwa vita, pande zote ziliumia, yule mzee alikuwa askari tu, na kwamba anajaribu kuwapa watoto wake kitu. Akawatazama watoto, wako kwenye simu. Kisha akasema kama sijisikii, atatafuta mtu mwingine.

Mtu mwingine wa kusema? Au mtu mwingine wa kumbeba Bibi? Sikuuliza. Nimechoka kuogopa na sikuuliza.

Nimekuja nyumbani na bata mzinga. Mkavu.

Jumapili, 25 Novemba

Asubuhi. Nimemvalisha Bibi gauni la kijivu. Amechagua mwenyewe, akakataa ile pini ya kifuani aliyoachiwa na baba yake. Kathure kapiga simu: "Si nilisema asiende?" Nikampa Bibi simu. Sijui walisemezana nini, Kathure akaniambia tu nibebe mtungi wa oksijeni wa pili na nisiwe mbali naye. Travis anaendesha. Daftari hili liko kwenye mkoba wa dawa, kama kawaida yangu.

Baadaye. Fort Worth. Naandika kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi, kati ya makoti na viti vilivyokunjwa. Bibi yuko kando yangu kwenye kiti chake, bomba puani. Anapumua vizuri kuliko dakika chache zilizopita. Nimeshika mkono wake kwa mkono mmoja, naandika kwa mwingine.

Niandike yalivyokwenda, nisije nikajidanganya baadaye.

Ukumbi umejaa. Wazee wenye jaketi za kijani, wake zao, wajukuu. Zile picha tatu zimekuzwa zikawa kubwa kuliko mlango. Nilipoingia watu wakanipa mikono, mama mmoja akanikumbatia akasema "Mwema!" Walikuwa wakifanya mazoezi. Meza nzima inacheka na kusahihishana. Mwema, mwema, mwema. Watu wazuri, wananukia sabuni. Nikatafuta Gaudence, nikamwona nyuma kabisa karibu na mlango, suti nyeusi, amesimama ingawa viti vipo.

Travis kahutubia. Luteni shupavu wa Afrika. Jenerali wa pande mbili za dunia. Mfungwa mwenye heshima, mjenzi wa jeshi jipya. Urusi ilipita kwa sentensi moja, ilikuwa baridi. Kisha akaniita. Akaniambia chini chini, tafadhali, tangulia tu.

Nikasimama. Bibi yuko mbele yangu, hatua chache, mikono kwenye shali. Nikaeleza kwa Kiingereza kwamba kwetu hili ni jambo zito, kwamba anayejibu anajibu mbele ya Mungu. Baadhi wakatabasamu. Nikauliza.

"Ndugu zangu, mnamshuhudiaje marehemu?"

Nikafunga mdomo. Travis akatangulia mwenyewe, "Mwema!" na ukumbi mzima ukamfuata kwa furaha, kama watu wanaoimbia keki.

Bibi hakusema.

Nilikuwa namtazama yeye tu. Midomo imebanwa. Na mimi nimesimama mbele ya watu mia na zaidi nikasikia tena kile nilichosikia begani kwa Bi Tatu. Safari hii si mimi peke yangu niliyesikia. Wale wa safu ya mbele walimwona. Mama aliyenikumbatia alimwona, akageuka kwa mumewe.

Nikauliza mara ya pili. "Mwema" ilikuja, lakini nyembamba, ya nyuma tu, wasiomwona Bibi. Binti wa jenerali, amekaa mbele ya picha za baba yake, na hasemi. Travis akainama akamwambia, Grandma, ni rahisi, mwema. Bibi akatikisa kichwa. Hapo ndipo pumzi ikamkata, midomo ikawa ya bluu, nikaacha kila kitu nikamsukuma huku ndani. Nyuma yangu nasikia Travis anawaambia watu wachukue kahawa kidogo.

Nimebadilisha mtungi. Nimempima. Rangi imerudi. Nimemwambia Bibi basi, imetosha, umeshasema, twende nyumbani. Nilikuwa nalia, naandika tu ukweli.

Akatoa bomba puani ili nimsikie vizuri. Akasema hapana, hajasema. Kunyamaza alishanyamaza maisha yake yote, hata siku ya ile ndoo alinyamaza. Akauliza, si mara tatu? Nikasema ndiyo, mara tatu. Akasema basi imebaki moja. Nirudishe, uulize. Na nipe kipaza sauti.

Nikasema moyo wako. Akasema moyo huo huo.

Travis kagonga. Anauliza kama Grandma yuko sawa, anauliza kwa upole, watu wanasubiri wamalize. Nimesema dakika moja. Kisha mlango ukagongwa tena, nikadhani ni yeye. Ni Gaudence. Hakuingia. Kasimama nje ya mlango akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Dada, kama unauliza ya tatu, uliza polepole. Na mimi nina jibu. Nimelibeba kutoka kwetu."

Bibi kauliza ni nani. Nimemwambia. Ni kitukuu cha mmoja wa wale wa kamba. Ruvuma.

Ameangalia mlango muda mrefu. Amenyoosha shali. Ameniambia nimwombe huyo bwana aingie asukume kiti yeye, kama hatajali, ili waingie pamoja.

Nimemfungulia. Wanatazamana. Bibi anampa mkono na Gaudence bado hajaupokea.

Breki za kiti ziko upande wangu. Nazifungua.